KIJANA WA CHUO SI ADUI YETU, WALA ASIFANYWE KIBARUA WA BURE

Ndugu Wanachama,

Swali moja limeulizwa tena na tena katika mikutano ya matawi, na haifai kila tawi lijijibu peke yake. Swali ni hili: wanafunzi wa uhandisi wanaoletwa na vyuo kukaa nasi miezi mitatu karakanani, hasa hawa wanaosomea roboti na magari ya kujiendesha yenyewe, tuwapokee au tuwakatae?

Ndugu wengine wamesema kwa ukali kwamba tusiwafundishe neno lo lote. Wanasema kijana huyu leo anatuuliza jinsi tunavyorudisha trela nyuma, kesho ataiambia mashini, na keshokutwa mashini itakaa mahali petu. Ndugu wengine wamesema wapokewe bila masharti, maana ni watoto wetu, na habari ya pesa isitajwe kwa kuwa wamekuja kusoma.

Sisi tunaona ndugu hawa kila mmoja ameshika upande mmoja wa mzigo. Anayesema mashini inakuja amesema kweli. Anayesema hawa ni watoto wetu pia amesema kweli. Lakini ukimfukuza kijana mashini itakuja vile vile, na ukimpokea bure tajiri atafurahi na kijana atalala njaa. Kwa hiyo tutaeleza kwanza mashini hii ni kitu gani, kisha tutaeleza hali ya kijana mwenyewe, na mwisho tutataja mambo sita ambayo tunaomba yajadiliwe katika matawi kabla halmashauri haijaenda kukutana na matajiri juu ya mkataba mpya.

MASHINI INAYOJIENDESHA NI KITU GANI

Watu wengi wanadhani jambo hili limeanza jana. Sivyo. Huko Marekani, katika taasisi moja ya utafiti ya Stanford, wataalamu walitengeneza roboti ya magurudumu iliyoitwa Shakey kati ya mwaka 1966 na 1972. Ilikwenda polepole chumbani ikitafuta njia kati ya masanduku. Hesabu ya kutafuta njia fupi iliyotokana na kazi ile ilichapishwa mwaka 1968, na mpaka leo wanafunzi wa uhandisi hufundishwa hesabu hiyo.

Mwaka 2004 jeshi la Marekani liliweka zawadi ya dola milioni 1 kwa motokaa itakayopita jangwani bila dereva. Motokaa 15 zilianza safari na hakuna hata moja iliyofika. Iliyokwenda mbali zaidi ilikwama baada ya kilometa kama 12. Mwaka uliofuata zawadi ilifanywa dola milioni 2, njia ikawa kilometa kama 212, na safari hiyo motokaa 5 zilifika mwisho. Ya kwanza ilikuwa ya Chuo Kikuu cha Stanford. Wengi waliozitengeneza motokaa hizo walikuwa wanafunzi na walimu wao. Mwaka 2009 kampuni ya Google ilipoanza kazi ya motokaa zisizo na dereva, iliwachukua wataalamu kutoka katika vikundi vile vile vya mashindano. Ndugu, hapo mnaona jambo la kwanza: mwanafunzi ndiye aliyeanza, tajiri akaja nyuma na mfuko wa fedha.

Bandarini jambo ni la zamani zaidi. Rotterdam, nchini Uholanzi, ilianza mwaka 1993 kutumia magari yasiyo na dereva kubeba makontena kutoka kwa kreni mpaka uwanjani. Na huko Australia, katika migodi ya chuma ya Pilbara, malori makubwa sana yanakwenda bila mtu ndani, na watu wanayaangalia kutoka mji wa Perth, kilometa kama 1,500 kutoka migodini.

Sasa, gari lisilo na dereva linapataje njia? Wanafunzi wanatueleza kwamba lazima lijibu maswali matatu kila wakati, mara nyingi katika sekunde moja. Niko wapi? Kuna nini mbele yangu? Nipite wapi?

Kwa swali la kwanza gari huhesabu mizunguko ya magurudumu yake. Lakini gurudumu likiteleza matopeni hesabu hukosea, na kosa dogo la kila mita hukusanyika mpaka gari linajiona liko barabarani na kumbe liko mtaroni. Kwa hiyo huuliza pia satelaiti za angani. Nazo hukosea kwa mita kadhaa, na kati ya majumba marefu au marundo ya makontena ishara zake hugonga ukuta na kupotoka. Basi gari huwekewa leza, ambayo hurusha mwanga na kupima muda wa mwanga huo kurudi. Huwekewa rada na kamera. Kisha kompyuta huchanganya habari zote hizi, na kuipa kila moja uzito kwa kadiri inavyoaminika. Hesabu maarufu ya kuchanganya namna hiyo ilitolewa na mtaalamu Kalman mwaka 1960.

Dereva mwenzetu akisoma maneno haya atacheka, maana yeye hufanya hayo yote kila siku wala hakuitwa mtaalamu. Anajua kwa kiuno chake kwamba mzigo umehamia upande wa kushoto. Anajua kwamba mvua ya kwanza baada ya kiangazi huinua mafuta juu ya lami na breki hazishiki. Akiona mpira umeingia barabarani hukanyaga breki kabla ya kumwona mtoto, maana mtoto yuko nyuma ya mpira. Anajua kwamba mtu wa mkokoteni aliyeshika mteremko hawezi kusimama hata akitaka, kwa hiyo ni lori litakalompisha. Maarifa haya hayako katika kitabu cho chote. Kijana wa chuo akitaka mashini iyajue, lazima aje kwetu kuyauliza.

MASHINI IKIKOSEA NANI ATALIPA

Tutataja jambo moja lililotokea Marekani, maana linatuhusu sana sisi wafanyi kazi.

Mwezi wa Machi 2018, katika mji wa Tempe, jimbo la Arizona, motokaa ya majaribio ya kampuni ya Uber ilimgonga na kumwua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku akisukuma baiskeli. Ndani ya motokaa alikuwamo mfanyi kazi mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia tu na kushika usukani ikiwa kuna hatari. Wachunguzi wa Serikali ya Marekani walisema mwaka 2019 kwamba mashini ilimwona mwanamke yule sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Lakini haikuweza kuamua yeye ni kitu gani. Mara ilisema ni motokaa, mara ni kitu kingine, mara ni baiskeli. Haikuwa imefundishwa kwamba mtu kwa miguu anaweza kuvuka mahali pasipo kivuko. Tena breki ya dharura iliyokuja na motokaa yenyewe kutoka kiwandani ilikuwa imezimwa wakati kompyuta ikiendesha.

Hatuwezi kuficha kwamba wachunguzi walisema mfanyi kazi yule alikuwa akitazama simu. Hilo ni kosa. Lakini hapo mwanzo motokaa zile zilikuwa na watu wawili, na kampuni ilikuwa imemwondoa mmoja mwaka 2017. Wachunguzi wale wale waliulaumu utaratibu wa usalama wa kampuni pia. Je, nani alishtakiwa? Mwaka 2019 mwendesha mashtaka alisema haoni msingi wa kuishtaki kampuni kwa jinai. Mfanyi kazi ndiye aliyeshtakiwa, na mwaka 2023 alikiri kosa la kuhatarisha maisha, akapewa miaka 3 ya kuangaliwa na korti.

Ndugu Wanachama, someni habari hiyo mara mbili. Mtu mmoja aliondolewa ili kupunguza gharama, mwingine aliachwa peke yake kutazama mashini usiku kucha, na ajali ilipotokea hesabu ililetwa kwake. Na sasa fikirini barabara zetu. Mashini iliyofundishwa katika mji ambao watu huvuka kwenye mistari tu, itafanya nini Kongowea saa za soko? Itafanya nini penye ng'ombe, bodaboda, mikokoteni na mama aliyebeba kuni? Mtu atakayejibu swali hilo kabla ya damu kumwagika ni kijana wa Kenya aliyesoma hesabu za mashini na akakaa na madereva wa Kenya. Tukimfukuza kijana huyo, mashini italetwa imekwisha kufungwa katika sanduku, na hakuna mtu hapa atakayejua kuifungua.

HALI YA KIJANA MWENYEWE

Vyuo vyetu vinafundisha kazi hii. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta huko Juja na Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi huko Nyeri vinafundisha uhandisi wa mekatroniki, yaani mashini, umeme na kompyuta pamoja. Kila mwanafunzi wa uhandisi hutakiwa kwenda kazini kwa muda kabla ya kupewa digrii yake. Watu huita jambo hilo atachimenti. Bila hiyo hamalizi masomo.

Tatizo liko hapo. Jambo ambalo mtu hawezi kulikosa, mwenye kulitoa anaweza kumwuzia kwa bei yo yote. Kijana anazunguka na barua ya chuo kutoka lango hata lango. Akipata nafasi anashukuru kama aliyeokotwa. Nauli anajilipia, chakula anajilipia, chumba katika mji asioujua anajilipia, na mara nyingi wazazi wameuza mbuzi au wamekopa ili haya yawezekane. Karakanani hupewa moja katika kazi mbili. Ama hutumwa kuleta chai na kufagia vyuma, na miezi mitatu hupita bila kujifunza kitu. Ama, akionekana ana akili, hupewa kazi kamili ya fundi, akaandika programu ya mashini au akafunga nyaya za paneli, na mwisho wa mwezi fundi hulipwa na yeye hapewi hata senti. Kila stiwadi anayesoma ukurasa huu anajua mfano.

Sisi tunasema hali ya pili ni ukibarua uliorudi kwa mlango wa nyuma. Wazee wetu wa Mombasa waliujua ukibarua vizuri. Mtu aliamka alfajiri akaenda langoni, akachaguliwa au akaachwa, na jioni hakuwa na haki yo yote kwa siku ya kesho. Wafanyi kazi wa Mombasa waligoma mji mzima mwezi wa Januari 1947, na watu wa bandari wakagoma tena mwaka 1955, kwa sababu ya mishahara na maisha ya namna hiyo. Je, tutakaa kimya kibarua akirudi leo kwa kuwa safari hii amevaa kofia ya plastiki na ana kitambulisho cha chuo?

Wala jambo hili halimwumizi kijana peke yake. Tajiri akiwa na vijana wanne wa bure kila miezi mitatu, na wanne wengine wakiwangoja langoni, kwa nini aandike fundi mpya? Nafasi ya mzee aliyestaafu inabaki wazi, na mwisho wa mwaka kitabu kinaonyesha kwamba kazi imekwenda bila yeye. Kwa njia hii mtoto wetu anafanywa shoka la kukatia tawi ambalo yeye mwenyewe atataka kulikalia akimaliza chuo.

SHERIA INASEMAJE

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inasema kila mtu ana haki ya kutendewa haki kazini, na kila mfanyi kazi ana haki ya ujira wa haki na ya hali nzuri ya kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka huo huo zinamhesabu mwanagenzi wa mkataba kuwa mfanyi kazi. Lakini kijana wa atachimenti aliyekuja na barua ya chuo tu hana mkataba wa mwanagenzi. Akikatwa kidole na mkono wa roboti, kila mtu atatafuta mlango wa kutokea. Tajiri atasema huyu ni mwanafunzi wa chuo, na chuo kitasema alikuwa kazini kwa tajiri. Mkono wa roboti haubagui. Hauna macho ya huruma, na ukiwashwa kwa makosa mtu akiwa ndani ya uzio huzunguka kwa nguvu ile ile.

Na fedha je? Kila mwajiri hutakiwa kutoa Sh. 50 kila mwezi kwa kila mfanyi kazi, ziende katika mfuko wa mafunzo ya viwanda unaoangaliwa na mamlaka ya NITA. Wawakilishi wa wafanyi kazi wana viti katika bodi yake. Hebu tufanye hesabu. Kampuni yenye watu 400 hutoa Sh. 20,000 kwa mwezi, yaani Sh. 240,000 kwa mwaka. Tukisema kijana apewe Sh. 500 kwa siku kwa nauli na chakula, siku 60 za kazi ni Sh. 30,000. Basi fedha yote ya kampuni hiyo ya mwaka mzima ingetosha vijana 8, bila kubaki senti kwa mafunzo ya wafanyi kazi wenyewe. Tunaitaja hesabu hii kwa sababu ndugu wengine wamesema mfuko ulipe kila kitu. Hautoshi. Kampuni kubwa lazima zitoe fedha zake, na mfuko uzisaidie karakana ndogo.

Matajiri watasema, tukilazimishwa kulipa hatutachukua wanafunzi, nao hawatamaliza chuo. Neno hili si la kudharau. Fundi mwenye karakana ya watu watatu Kariobangi hawezi kulipa, na kijana anaweza kujifunza kwake mambo mengi kuliko katika kiwanda kikubwa. Ndiyo maana tunasema karakana za namna hiyo zisaidiwe na mfuko. Lakini kampuni yenye kununua roboti moja kwa mamilioni haiwezi kutuambia imekosa nauli ya kijana anayeifanya roboti hiyo itembee. Ufaransa sheria inataka mwanafunzi anayekaa kazini zaidi ya miezi miwili alipwe, na karatasi hutiwa sahihi na chuo, mwajiri na mwanafunzi. Viwanda vya Ufaransa havikufungwa kwa sababu hiyo.

Hapa kwetu pia tumeona mfano. Madaktari waligoma siku 56 mwaka 2024, kutoka tarehe 14 Machi mpaka tarehe 8 Mei, na jambo moja kubwa katika mgomo lilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi. Serikali ilitaka kuwapa Sh. 70,000 kwa mwezi, na mkataba wa mwaka 2017 ulisema zaidi ya Sh. 200,000. Madaktari wale wamekwisha kupata digrii, kwa hiyo hali yao si sawa kabisa na ya mwanafunzi. Lakini angalieni jambo hili: madaktari wa zamani, wenye mishahara yao, waliacha kazi kwa ajili ya wadogo zao. Walijua kwamba bei ya mdogo ikishuka leo, ya mkubwa itaifuata.

KAZI NYINGINE YA MASHINI HIZI IPO KENYA TAYARI

Kuna ndugu wanaodhani kazi ya magari ya kujiendesha iko Amerika tu. Nairobi vijana wengi wamefanya kazi ya kukaa mbele ya kompyuta na kuchora mistari kuzunguka picha za barabarani: hii motokaa, huyu mtu, hii nguzo. Kwa picha hizo mashini hujifunza kuona. Wengi wao hulipwa kwa kipande, hawana mkataba wa kudumu, na kazi hiyo yaweza kufungwa siku moja na kupelekwa nchi nyingine. Hao nao ni wafanyi kazi wa uchukuzi, ingawa hawajashika usukani. Siku ya Wafanyi Kazi, tarehe 1 Mei 2023, vijana zaidi ya 150 wa Nairobi wanaochuja maneno na picha za kompyuta kwa ajili ya makampuni makubwa walikutana na kupiga kura ya kuunda chama chao. Jambo hilo linatupa moyo. Vijana wa kompyuta hawakukataa umoja. Walikuwa wakingoja mtu wa kuwaita.

WENGINE WALIFANYAJE

Huko Marekani, pwani ya magharibi, chama cha wapakuzi wa meli kiliona mashini zikija mwaka 1960. Kiongozi wao, Harry Bridges, aliwaambia wanachama kwamba hawataweza kuzizuia milele, basi wauze ruhusa yao kwa bei kubwa. Matajiri walikubali kuweka dola milioni 5 kila mwaka katika mfuko wa wafanyi kazi. Watu walioandikwa katika daftari walihakikishiwa kwamba hawatafukuzwa kwa sababu ya mashini, na wazee walipewa kitu wakistaafu. Lakini vijana waliokuwa bado hawajaandikwa kamili hawakupata ulinzi ule ule. Makontena yakaja kwa wingi, na mwaka 1971 chama kililazimika kugoma kwa siku nyingi. Mwezi wa Oktoba 2024 wapakuzi wa pwani ya mashariki nao waligoma siku 3. Walipata nyongeza kubwa ya mshahara, na mapatano juu ya mashini yalifikiwa mwezi wa Januari 2025.

Sisi tunachukua mafunzo mawili hapo. Mashini hujadiliwa kabla haijaingia langoni, maana ikiisha kufungwa chini kwa bolti huna tena cha kuuza. Na mapatano yanayomwacha kijana nje hayadumu, kwa kuwa kijana wa leo ndiye atakayekuwa mwanachama wa miaka thelathini ijayo, au ndiye atakayetumiwa kuvunja mgomo.

MAMBO SITA YA KUJADILI

Tunaomba kila tawi liyapime mambo haya na kumletea Katibu jibu.

1. Kijana asiingie karakanani bila karatasi ya maandishi iliyotiwa sahihi na chuo, mwajiri na yeye mwenyewe. Karatasi iseme atafundishwa nini na nani, na stiwadi apewe nakala.

2. Apewe posho ya nauli na chakula kila juma. Akipewa zamu ya kufanya kazi ya uzalishaji bila mwalimu, alipwe mshahara wa gredi ya kazi hiyo, maana hapo masomo yamekwisha na kazi imeanza.

3. Jina lake liingizwe katika bima ya ajali kabla ya siku ya kwanza, naye apewe viatu, kofia na mafunzo ya usalama kabla ya kukaribia roboti au gari la majaribio. Mtu ye yote asiachwe peke yake kulinda mashini ya kujiendesha.

4. Wanafunzi wasizidi mmoja kwa mafundi watano, na mwanafunzi asijaze nafasi iliyoachwa wazi na mfanyi kazi.

5. Fundi au dereva anayefundisha ahesabiwe kuwa mwalimu, apewe marupurupu, na jina lake liandikwe katika ripoti ya kijana. Na kila kampuni inapochukua wanafunzi wa roboti, ipeleke pia wanachama wetu kusomea mashini hizo hizo kwa fedha ya mfuko wa mafunzo. Haifai fundi wa gredi ya tatu awafundishe wahandisi kumi, naye abaki gredi ya tatu mpaka kaburini.

6. Kamera na vyombo vya kupimia visiwekwe ndani ya magari kuchukua maarifa ya madereva mpaka kuwe na mapatano na chama juu ya matumizi yake. Na tajiri atakayetaka kuleta mashini ya kujiendesha atoe taarifa mapema, tukae mezani.

Tunajua jambo la tano litapingwa zaidi ya yote, maana matajiri wengi hupenda kumpeleka kijana kusomea mashini kuliko kumpeleka mzee wa miaka hamsini. Lakini nchi hii imekwisha kuona kazi ya chuo na karakana kushirikiana. Kati ya mwaka 1986 na 1990 motokaa ya Nyayo ilitengenezwa hapa na Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na karakana za reli na mafundi wengine. Haikufika sokoni kwa kukosa fedha. Lakini ilitembea barabarani, na iliyoitembeza ilikuwa mikono ya wasomi na mafundi pamoja.

Kwa hiyo, ndugu dereva, kijana akija wiki ijayo na daftari lake akakuuliza kwa nini umekanyaga breki kabla hujaona kitu, usimfiche. Mweleze. Kisha mwulize na wewe: umekula? Nani anakulipa nauli? Umetia sahihi karatasi gani? Mlete kwa stiwadi. Na wewe kijana unayesoma ukurasa huu ukutani wakati wa chai, mikutano yetu ya wazi haina mlinzi mlangoni. Njoo ukae, usikie, na ukimaliza chuo na kuandikwa kazi, kumbuka waliokufundisha walikuwa wanachama.

Majibu ya matawi yamfikie Katibu kabla ya mkutano wa halmashauri. Tawi lisiloleta neno lisilalamike baadaye kwamba halikuulizwa.

Umoja ni nguvu.